Grisi ya Kimya

Mwalimu wetu wa kisomo ana maneno. Ametuambia kila mmoja aandike maisha ya mtu anayemfahamu, mtu wa kawaida, si mkubwa, halafu tusomeane. Nikamwambia mimi nilikuja hapa kujifunza kuandika jambo moja tu, nikishaliandika naondoka zangu. Akacheka. Mtoto wa umri ule anacheka nini na mimi? Mkono unauma, macho yanatoka machozi kwa hizi herufi ndogo kama chawa, na bado anataka hadithi nzima. Haya. Nitamwandika binti wa marehemu kaka yangu, fundi wa ndege za jeshi, kwa kuwa habari yake mmeisikia nusu, na hiyo nusu mliyoisikia ni ya uongo. Ndani ya hadithi yumo shangazi yake. Huyo nitamwita Shangazi tu, kama mtu baki, maana nikianza kusema mimi, mimi, nitajisifu mpaka karatasi iishe. Asiyependa asisome.

Jina alilopewa na wazazi halimhusu mtu. Kazini wanamwita Kwanini, na jina hilo hakulipata jeshini, alikwenda nalo. Tangu ana meno ya maziwa, ukimwambia funga mlango anauliza kwanini. Ukimjibu upepo, anauliza upepo umemkosea nani. Shangazi aliyemlea alikuwa amechoka kiasi kwamba siku binti alipoitwa jeshini alimfungashia nguo huku akiimba. Jeshini nako hawakuchukua muda kumchoka. Mkufunzi wa kwata alipowaamuru wapige miguu chini kwa nguvu, Kwanini akauliza ardhi imekosa nini. Wakampeleka kwa mafundi wa ndege. Walidhani chuma hakijibu, basi atanyamaza.

Wakampa miguu ya nyuma. Ndege yenyewe ni ile nene ya kubebea askari na magunia, wanayoiita Bata, kwa sababu ikitembea chini inatikisa makalio. Ikiwa juu, Bata anakunja miguu yake tumboni. Akitaka kutua anaikunjua. Kila mguu unajikunja kwenye pini moja nene, kama kiwiko cha mkono, na pini hiyo lazima iwe na grisi saa zote. Ikikauka inajitafuna yenyewe. Ikijitafuna sana, siku moja mguu unagoma kutoka, na ndege isiyo na mguu inatua kwa tumbo. Waliomo ndani ya tumbo hilo ni watoto wa watu. Hilo mlishike, mengine yote humu ni upuuzi wa wakubwa.

Sasa, jeshini fundi hafanyi kazi kwa kichwa chake. Kuna kitabu. Kitabu kinasema fanya hili, unafanya, unatia sahihi. Fanya lile, unafanya, unatia sahihi. Hata ukitaka kujikuna, nadhani kuna ukurasa. Na kitabu cha Bata kilisema hivi: paka grisi kwenye pini za miguu, kisha osha ndege nzima kwa maji ya presha.

Soma tena. Ni sawa na kumwambia mtoto, jipake mafuta vizuri, ukimaliza nenda kaoge.

Zamani kuosha kulikuwa na kitabu chake na grisi kitabu chake, na siku mbalimbali. Kisha mtu mmoja huko maofisini, ambaye ndege anaiona ikipita juu ya paa lake tu, akaviunganisha ili kazi iwe fupi. Grisi akaitanguliza. Basi mafundi wanapaka, wanatia sahihi, wanaosha, maji yanaifukuza grisi yote mpaka inatiririka sakafuni, wanatia sahihi. Pini inabaki kavu kama ulimi wa mgonjwa.

Msidhani mafundi wale walikuwa wajinga. Karakanani kulikuwa na mkuu wao, stafu sajini mmoja mnene mwenye roho nzuri, wanayemwita Tulia kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Ndege ikishaoshwa, Tulia alikuwa anaangalia mlangoni, anakohoa, anasema, "Tulieni." Hapo mmoja wao anakwenda nyuma ya kabati la mifagio, anatoa pampu ya grisi iliyofichwa, na pini zote zinapakwa mara ya pili. Haiandikwi popote, wala sahihi haitiwi. Wenyewe waliita grisi ya kimya. Mgeni wa karakana alifundishwa siku ya kwanza, pamoja na kuonyeshwa choo kilipo. Miguu ya ndege zao ikawa laini, na kila mtu akajiona mjanja. Ukiona vyaruka, vimepakwa kwa siri.

Hata Kwanini alipaka ya kimya kwa miaka. Aliuliza kwanini mara moja tu, Tulia akamwambia tulia, na maajabu ya dunia, akatulia.

Mpaka siku alipokuja Bata mgeni, kutoka kambi nyingine ya mbali. Alitua salama, akavutwa karakanani kwa ukaguzi mdogo. Walipomnyanyua kwa jeki na kuukunja mguu, mguu ukalia. Haukulia kidogo. Ulilia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, hadi mpishi akatoka jikoni kuangalia. Kwanini akachomoa pini. Ilikuwa kavu, imejaa mikwaruzo, na kutu nyekundu imeota kwenye mikwaruzo.

Fundi aliyekuja na ndege hiyo alikuwa kijana mpole, ovaroli imepigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Kaka," Kwanini akamwuliza, "hii pini mliipaka lini?"

"Juzi tu, dada. Kwa kitabu kabisa, hatua kwa hatua."

"Na ile ya kimya?"

"Ya kimya ndiyo ipi?"

Kwanini akadhani jamaa anaogopa kusikiwa. Akamkonyeza jicho. "Ile ya baadaye bwana. Ya nyuma ya kabati."

Kijana akarudi nyuma hatua moja, akashika kifungo cha ovaroli. "Dada, samahani. Mimi nina mke."

"Mkeo kaa naye! Nakuuliza grisi!"

Karakana nzima ikaangua kicheko, lakini Kwanini hakucheka. Alikuwa anaigeuzageuza ile pini mkononi mwake. Kijana yule hakuwa mvivu. Alikuwa anakitii kitabu. Kumbe watundu ndio ndege zao zina miguu mizima, na waaminifu, wanaofanya kila kitu walichoambiwa, ndio miguu yao inakufa. Na hakuna aliyewaambia, kwa sababu waliojua walikuwa wanajua kimya.

Walimbadilishia pini wakampa na pampu ya grisi, kijana akaondoka akishukuru. Lakini kambi ziko nyingi. Kwanini akamfuata Tulia pale alipokaa akinywa chai.

"Afande, nataka kuandika ombi la kubadilisha kitabu."

"Tulia kwanza."

"Nimetulia miaka."

Tulia akaweka kikombe chini. "Sikia binti. Mwezi ujao kamati ya vyeo inakaa. Jina lako limo, mimi mwenyewe nimelipeleka. Utepe wa tatu huo, usajini, umeshakuja mpaka mlangoni. Sasa ukiandika ombi, fomu itakuuliza umejuaje kuwa grisi ya mwisho ndiyo inayofaa. Utajibu nini? Umeoteshwa? Itabidi useme kwamba karakana nzima imekuwa ikitia sahihi jambo moja na kufanya jingine. Utatuvua nguo sote, na wa kwanza kubaki uchi ni wewe."

"Afande, mficha uchi hazai."

"Mimi nina wajukuu tayari. Zaa wewe, baada ya kamati."

Kwanini akaenda nyumbani kwa Shangazi. Walikuwa wakiishi, na mnapajua, kwenye kota za makoplo: chumba kimoja, pazia katikati, na choo cha nje kinachotumiwa na mstari mzima wa nyumba. Mlango wa choo hicho hauna komeo. Unaingia, unachuchumaa, unanyoosha mguu mmoja kuzuia mlango, halafu unaimba ili watu wajue yumo mtu. Shangazi, mwanamke wa heshima zake, mwenye goti bovu, ameimba humo nyimbo zote anazozijua na nyingine akatunga. Masajini wanapewa kota za vyumba viwili na choo ndani. Chenye komeo! Shangazi alikuwa ameshakwenda kuiangalia nyumba iliyokuwa wazi, akapima madirisha kwa kitenge chake, akachagua na upande wa kitanda chake.

Kwanini akamweleza yote, tangu pini hadi Tulia.

"Andika," Shangazi akasema. "Nani kakukataza? Andika ukishapata utepe."

"Na ndege za wenzetu, shangazi? Mwezi mzima?"

"Ndege za wenzetu zina shangazi zao."

"Mguu ukigoma je?"

"Mbona haujagoma mpaka leo? Umesubiri hii kamati ndiyo ugome?"

Binti akamtazama tu. Ana macho ya kaka yangu, yale ya kukuangalia mpaka ukumbuke ulichokula mwaka juzi. Msitarajie nitaandika hapa kwamba Shangazi alijuta. Hakujuta. Choo ni choo.

Kwanini akaandika ombi lake, likapelekwa Ofisi ya Taratibu. Ofisi hiyo ilikuwa na kapteni mmoja mwembamba, msafi, anayeitwa Rejea, kwa sababu ukimwuliza lolote anakwambia rejea kitabu. Hata kitabu kikiwa ndicho unacholalamikia. Ombi likarudi: maelezo yamezidi kisanduku. Akayapunguza, akapeleka tena. Likakaa, likakaa, likarudi na mstari mmoja: hakuna karakana nyingine iliyolalamika, rejea kitabu. Watalalamikaje? Wanaojua wanapaka kimya, na wasiojua wanadhani mguu wa Bata umeumbwa kulia. Chini Kapteni akaongeza kwamba kelele hizo huenda ni uzee wa ndege. Uzee! Shangazi ni mzee na akikunja goti halii. Analia kidogo.

Wiki ya kamati ikafika. Na siku hiyohiyo ya kamati, asubuhi, Bata mmoja alitakiwa kumpeleka jenerali kwenye shughuli zake. Kwanini akapewa miguu. Akapaka grisi kama kitabu kilivyosema, akatia sahihi. Wakaosha, akatia sahihi. Tulia akakohoa, "Tulieni," pampu ikatoka nyuma ya kabati, Kwanini akapaka ya kimya. Kisha badala ya kuirudisha pampu mafichoni akaiweka juu ya meza, mchana kweupe, akavuta kitabu cha kazi na kuandika kwa mwandiko mkubwa: Nimepaka grisi mara ya pili baada ya kuosha. Haimo kitabuni. Bila hiyo pini inabaki kavu. Akatia sahihi.

Tulia akasoma. Akakaa juu ya tairi.

"Umetuua," akasema taratibu. "Kazi iliyofanywa nje ya kitabu, ndege hairuki. Na anayengoja ni jenerali."

"Ndiyo maana nimeandika leo, afande. Juzi asingesoma mtu."

Haikuchukua muda Kapteni Rejea akafika, kofia mkononi, jasho shingoni.

"Koplo! Futa hayo maandishi!"

"Kumbukumbu za kazi hazifutwi, afande. Rejea kitabu."

Mtu mmoja nyuma ya bawa alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Basi irudie kazi yote," Kapteni akasema meno yakiwa yamebanana. "Mwanzo mpaka mwisho, kama ilivyoandikwa. Hapa mbele yangu."

"Ndiyo, afande."

Akairudia. Alifuta pini zote, akapaka grisi mpya, akatia sahihi. Kisha maji ya presha yakafunguliwa, na grisi ikatoka kwenye miguu ya Bata ikishuka nzito, ikaelea sakafuni, ikaenda moja kwa moja kwenye viatu vya Kapteni vilivyong'arishwa kwa ajili ya jenerali. Hakuvisogeza. Huko nje dereva wa jenerali akaja kuuliza kulikoni, mzee ameanza kuiva ndani ya gari. Tulia akamjibu, "Mwambie Bata anaoga."

Kwanini akafunga maji, akatia sahihi ya mwisho, akanyoosha mgongo.

"Tayari, afande. Kwa kitabu, hakuna lililopungua. Inaruhusiwa kuruka." Akapangusa mikono. "Nasikia na wewe unasafiri na jenerali?"

Kapteni akainama, akapitisha kidole kwenye pini. Kikatoka na maji tu. Akakiangalia kidole kile muda mrefu, na watu wote wakawa wanakiangalia kidole.

"Paka," akasema.

"Kitabu hakisemi, afande. Niandikie."

"Koplo, paka!"

"Niandikie, nipake."

Hapo Kapteni akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akacheka. Hakucheka vizuri, alicheka kama mtu aliyefumaniwa na mkewe. Akakaa kwenye tairi karibu na Tulia.

"Unajua ni nani aliyeanza kuificha pampu nyuma ya lile kabati?" akamwuliza Kwanini.

Tulia akatazama dari.

"Ni mimi," Kapteni akasema. "Nilikuwa luteni wa nyota moja, niko hapahapa, na huyu stafu alikuwa koplo wangu. Kitabu kipya kilipoletwa tuliliona kosa wiki ileile."

"Sasa kwanini hukuandika, afande?"

Kapteni akachezea kofia yake.

"Kamati ya vyeo ilikuwa inakaa mwezi uliofuata."

Kwanini akamletea kalamu.

Ofisi yake ilikuwa na mamlaka ya kutoa badiliko la muda, kumbe, tangu siku zote. Akaandika pale pale juu ya goti: Osha. Kausha. Ndipo upake grisi. Akatia sahihi. Kwanini akapaka, naye akatia yake chini ya ya Kapteni, na kwa mara ya kwanza karakana ile ikapaka grisi ya mwisho huku watu wakiongea kwa sauti. Bata akaondoka na jenerali, amechelewa, amenuna, lakini miguu ikajikunja bila neno.

Mchana kamati ikakaa. Na mkitarajia kwamba dunia ina haki, basi nyie ni wageni, karibuni. Utepe hakupewa. Sababu iliandikwa: anahitaji kukomaa. Mwanamke ambaye magoti yake yamekomaa kwa sakafu ya karakana! Tulia alipewa karipio, akalipokea, akasema tulieni. Na Kapteni Rejea, haukupita muda, akawa Meja, kwa kazi nzuri ya kuboresha taratibu. Nyumba ya vyumba viwili akapewa sajini wa stoo, mwenye mke mmoja na kasuku. Shangazi alitukana kuanzia kota mpaka getini na kurudi, na aliporudi akaingia chooni akaendelea kutukana humo badala ya kuimba.

Kwanini alimngoja atoke. "Umekasirika, shangazi?"

"Nimepoteza komeo kwa ajili ya grisi!"

"Umelipoteza kweli," binti akasema. Hakujitetea, hakuomba radhi. Alimpa mkono wakavuka mtaro wa mbele ya choo.

Badiliko la muda likawa la kudumu, likachapishwa, likapelekwa kambi zote. Siku moja yule kijana mpole akaja tena na Bata wake. Wakamnyanyua, wakakunja mguu wa kulia, wakakunja wa kushoto. Kimya. Mpishi hakutoka jikoni.

"Dada," kijana akasema, "amenyamaza."

"Mkeo hajambo?" Kwanini akamwuliza, na safari hii akacheka mpaka akashika jeki.

Ndipo wakakunja mguu wa tatu, ule mdogo wa mbele, chini ya pua. Ukalia.

Kwanini akaenda kuuchukua ule ukurasa mpya. Ulikuwa umeandikwa vizuri, karatasi nzuri, jina la Meja chini: baada ya kuosha, paka grisi pini ya mguu wa kulia na pini ya mguu wa kushoto. Basi. Bata ana miguu mitatu. Hata yeye Kwanini kwenye ombi lake alikuwa ameandika miguu ya nyuma tu, kwa kuwa ya mbele hakuwa amepewa yeye. Kosa lilikuwa lake na la wote. Akavuta fomu.

"Tulia," Tulia akasema. "Kamati inakaa tena mwezi ujao."

Kwanini alikuwa ameshaanza kuandika.

Jioni ile Shangazi akamwomba jambo dogo. Akamwambia, wewe si bingwa wa kuripoti, basi niandikie na mimi kwa wakubwa wa kota habari ya mlango wa choo. Binti akakataa! Akasema, "Shangazi, anayeiona hitilafu ndiye anayeiripoti. Ndiyo kanuni. Mimi siku hizi naoga na kumaliza haja zangu karakanani." Ndiyo sababu Shangazi, katika uzee huu, akaja kukaa kwenye kiti cha kitoto na kujifunza a na be. Ndilo lile jambo moja.

Na nimeliandika, haya hapa: Mlango wa choo cha mstari wa makoplo hauna komeo, bawaba ya juu imeachia, tunauzuia kwa miguu. Tunaomba fundi.

Sasa nyie mnaosoma, jirani zangu wa mstari. Mnaimba humo wote, nawasikia, na wengine sauti mbaya. Kila mtu amejizoesha, kila mtu amejifunza kunyoosha mguu, na mgeni akija mnamfundisha. Ofisini wakiulizwa watasema hakuna mwingine aliyelalamika. Nafasi nimeiacha hapa chini, pana, ya kuwatosha. Kalamu nimeifunga kwa kamba kwa sababu nawajua. Tieni sahihi, mmoja mmoja, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Nimekaa hapa mlangoni pa darasa, sitoki.